UZI: Kiwanja kidogo cha ndege karibu na katikati ya Kampala. Mita ngapi, ekari ngapi, na kinachokwamisha ni nini?

Kilima Saba (mleta uzi)

Habari za jioni wana jamvi.

Nairobi wana Wilson, kilomita tano hivi kutoka katikati ya mji, ndege ndogo zinaingia na kutoka kutwa nzima. Kampala tumebaki na jina tu la kiwanja cha ndege pale Kololo. Bendera ilipandishwa pale usiku wa kuamkia 9 Oktoba 1962, na hadi leo ni uwanja wa sherehe za taifa. Kazi ya ndege ndogo inafanywa Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe. Pale wapo MAF, shirika la ndege la kimisheni, na ndege zao za Caravan, na ipo shule ya urubani ya Kampala Aeroclub.

Naomba tujibizane kwa hesabu. Tuseme mtu ana ekari 25 ndani ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji. Anataka kuhudumia ndege za injini moja ya pistoni, viti vinne hadi sita, mchana tu, kwa kuona kwa macho. Je, ekari hizo zinatosha? Na kama hazitoshi, kinachopungua ni nini hasa?

Mpimaji Ssisa

Ndugu Kilima, umefanya vizuri kutaja aina ya ndege kabla ya ardhi, maana urefu wa njia ya kurukia unatokana na ndege.

Kila ndege ina urefu wake wa asili, yaani mita inazohitaji ikiwa usawa wa bahari, nyuzi 15, njia tambarare, hakuna upepo, uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Kwa ndege ulizotaja tuchukue mita 600. Sasa tuilete huku kwetu. Maji ya Ziwa Victoria yenyewe yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kiwanja chochote cha Kampala au Wakiso kiko juu ya hapo. Tuweke 1,150, ambayo ni bahati nzuri sana kwa upande huu.

Utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unasema uongeze asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko. 1,150 kwa 300 ni 3.83, mara 7 ni asilimia 26.8. Mita 600 zimekuwa 761. Halafu joto. Kwenye mwinuko huo hewa ya kawaida ya vitabu ina nyuzi 7.5. Joto la kupangia kwa huku tuchukue nyuzi 28. Tofauti ni 20.5, na kila nyuzi moja inaongeza asilimia 1. 761 mara 1.205 ni mita 917. Mteremko una hesabu yake, lakini tuseme ardhi yako iko sawa.

Angalia hapo: nyongeza yote imefika asilimia 53. Mwongozo huohuo wa ICAO unasema ikizidi asilimia 35 usitegemee kanuni hii ya haraka, fanya uchunguzi maalumu kwa kitabu cha ndege husika. Kwa hiyo hizo 917 ni za kuanzia mazungumzo na mchoraji. Usizichukue kuwa ruhusa ya kuleta greda.

Jambo moja linalowachanganya hata wataalamu: daraja la kiwanja linapangwa kwa urefu wa asili. Chini ya mita 800 ni daraja namba 1, mita 800 hadi chini ya 1,200 ni namba 2. Njia yako ina mita 917 ardhini, lakini ndege yake ni ya mita 600, kwa hiyo bado ni namba 1. Ukiandikisha namba 2 kwa makosa unajibebesha masharti makubwa zaidi bila sababu.

Upana wa njia kwa daraja hilo ni mita 18. Kuizunguka unahitaji ukanda uliosawazishwa: mita 30 kila upande kutoka mstari wa kati, na mita 30 kupita kila ncha. Tukizungusha njia iwe 920, ukanda unakuwa 980 kwa 60, sawa na mita za mraba 58,800. Ni ekari 14 na nusu.

Boda Wakiso

Kwa hiyo ekari 25 zinatosha na chenji inabaki!

Mpimaji Ssisa

Ndugu yangu, hazitoshi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni umbo. Ekari 25 zikiwa mraba, kila upande una mita 318. Ukipima kona kwa kona unapata mita 450. Mstari wa mita 980 hauingii humo hata ufanyeje. Unahitaji kipande kirefu chembamba, na vipande vya namna hiyo Wakiso mara nyingi ni viwanja vya watu kumi au ishirini vilivyopangana, au ni bonde lenye mafunjo, na huko NEMA, mamlaka ya mazingira, hawatakuruhusu.

Ya pili ndiyo inayoua viwanja. Ni anga ya mbele ya ncha. Kwa daraja namba 1, kuanzia mita 30 kutoka ncha ya njia, kuna mteremko wa kuingilia unaopanda asilimia 5, yaani mita 1 kwa kila mita 20. Mwanzo wake una upana wa mita 60, unatanuka asilimia 10 kila upande, unakwenda mita 1,600. Mwisho wake una upana wa mita 380 na kimo cha mita 80. Hakuna kitu kinachotakiwa kuutoboa: nyumba, mti, mnara wa simu, wala tangi la maji.

Piga eneo lake. Wastani wa upana ni mita 220, mara 1,600, ni hekta 35.2, sawa na ekari 87. Njia ina ncha mbili, kwa hiyo ni ekari 174. Ardhi ya njia ekari 14 na nusu, ardhi iliyo chini ya anga unayoihitaji ekari 174. Anayeuza kiwanja anazungumzia ile ya kwanza tu.

Huhitaji kununua zote. Watu wataendelea kulima na kukaa humo, mradi kimo kidhibitiwe. Lakini mita 300 za kwanza za kila mteremko ni lazima ziwe mikononi mwako, kwa sababu mwishoni mwake kimo ni mita 15 tu. Hizo ni hekta 2.7 kila upande, jumla ekari 13 na kidogo. Ongeza hanga, maegesho na barabara ya kuingilia, unafika ekari 35 hivi, zenye umbo refu.

Nakato wa Mipango

Naongeza kwa mifano ili watu waone vimo hivyo maana yake nini, maana karatasi za kibali zinapita mikononi na wengi hawazielewi.

Nyumba ya ghorofa tatu ina mita kama 10. Juu yake wenyewe huweka tangi la maji jeusi na kibao cha kulishikia, ongeza mita 3. Mita 13 mara 20 ni 260, jumlisha zile 30 za mwanzo: nyumba hiyo haitakiwi kuwa karibu zaidi ya mita 290 kutoka ncha. Mchoro ulioidhinishwa utaonyesha mita 10. Tangi halimo kwenye mchoro. Hapo ndipo vibali vingi vinapovuja.

Barabara nayo ni kizuizi. Lori lililopakia matoke hadi juu lina mita 4.5. 4.5 mara 20 ni 90, jumlisha 30: barabara iwe mita 120 au zaidi kutoka ncha. Njia ya boda boda inayokatiza mita 40 mbele ya ncha lazima ihamishwe. Ukiacha kibao cha kuonya peke yake, watu wataendelea kupita, maana ndiyo njia yao ya sokoni.

Nguzo za umeme wa msongo wa kati zina mita 10 hadi 12. Ya mita 12 iwe mita 270 kutoka ncha.

Na pembeni msisahau. Kutoka ukingo wa ukanda kwenda kando kuna mteremko mwingine wa asilimia 20, yaani mita 1 kwa kila 5. Hanga la kimo cha mita 7 linatakiwa liwe mita 35 kutoka ukingo wa ukanda, ambayo ni mita 65 kutoka mstari wa kati. Wengi hujenga hanga likigusa njia ili wapunguze kokoto za maegesho, halafu wakaguzi wanakataa.

Kilima Saba

Asante sana dada Nakato. Na Kololo je? Wapo wanaosema ingefufuliwa kwa ndege ndogo au za dharura.

Mpimaji Ssisa

Kololo haifufuki. Juu ya miteremko ya kuingilia kuna sakafu nyingine ya anga: kimo cha mita 45 juu ya kiwanja, nusu kipenyo mita 2,000, kwa daraja namba 1. Kilima cha Kololo chenyewe kinaitoboa kabla hujahesabu minara ya matangazo iliyo kileleni, na upande wa pili kuna Naguru. Katikati kuna majengo ya Lugogo. Hakuna kibali kitakachoondoa kilima. Helikopta ni hesabu nyingine, tuifungulie uzi wake.

Nyasi Fupi

Naomba niongeze upande wa rubani, maana mita 917 za mzee Mpimaji zinaweza kumpa mtu moyo usio na msingi.

Kwanza, ndege yako huku inajiona iko wapi? Kiwanja kiko futi 3,770. Hewa ya vitabu ni nyuzi 7.5, leo mchana ni 28. Tofauti 20.5 mara futi 120 ni 2,460. Jumlisha: futi 6,200 na kitu. Injini ya pistoni isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo karibu asilimia 18 hadi 20 imekwisha kabla hujaachia breki. Propela inakamata hewa nyepesi na bawa pia. Kipima mwendo kikikuonyesha noti 55 (maili za baharini kwa saa), kwa kweli ardhi inapita chini yako kwa noti 60, na umbali unakua kwa mraba wa mwendo.

Sasa tumia mizidisho inayofundishwa Uingereza kwa ndege ndogo. Kila futi 1,000 za mwinuko zidisha 1.1. Kila nyuzi 10 za ziada, 1.1. Nyasi kavu 1.2, nyasi mbichi zenye maji 1.3. Mwishoni weka 1.33 ya usalama kwa kuruka. Chukua ndege ambayo kitabu kinasema inahitaji mita 450 kupita kizuizi cha futi 50 usawa wa bahari kwenye lami:

450 × 1.43 (mwinuko) = 644
× 1.22 (joto) = 785
× 1.2 (nyasi kavu) = 942
× 1.33 (usalama) = 1,253

Baada ya mvua, nyasi zikiwa na maji, inafika 1,357. Njia yako ina 920.

Kuna vitu vitatu vinavyokurudisha ndani ya 920. Cha kwanza ni uso wa njia: maramu kavu iliyoshindiliwa vizuri inaondoa ile 1.2, unabaki na 1,044. Cha pili ni uzito. Asilimia 10 ya uzito inaleta tofauti ya 1.2, kwa hiyo ukipunguza hiyo unafika 870, na hapo unaruka kihalali. Kwa ndege ya viti vinne yenye uzito wa juu wa kilo 1,040, asilimia 10 ni kilo 104: abiria mmoja na begi zake, au lita 144 za mafuta. Cha tatu ni saa. Asubuhi nyuzi 20 badala ya 28, 1.22 inashuka kuwa 1.13.

Kama kitabu cha ndege yako kina jedwali la mwinuko na joto, soma humo moja kwa moja, kisha weka nyasi na usalama tu. Usizidishe joto mara mbili.

Upepo ndio mtego wa ukanda wa ziwa. Alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka na kuvuma kutoka ziwani. Anayezoea kuruka kuelekea upande mmoja asubuhi akaendelea hivyohivyo saa saba mchana anaruka na upepo mgongoni. Vitabu vya Cessna vinatoza asilimia 10 ya umbali kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma, wakati upepo wa mbele unakurudishia asilimia 10 kwa noti 9. Upepo wa nyuma wa noti 6 tu, ambao uso hauuhisi, ni asilimia 30.

Mwisho, mchanganyiko wa mafuta na hewa. Juu ya futi 3,000 kuruka na mkono mwekundu ukiwa umesukumwa mbele kabisa ni kuinyima injini nguvu. Simama, fungua gesi yote, vuta mkono taratibu hadi mizunguko ifike juu kabisa, sukuma kidogo sana, ndipo uende. Fanya hivyo mahali pasipo na kokoto.

Boda Wakiso

Sasa nimeelewa kwa nini ndege inaondoka na kiti kitupu wakati abiria wapo wanasubiri. Swali: maramu au nyasi, kipi nafuu? Nyasi si zinaota zenyewe?

Kokoto na Greda

Nyasi ni nafuu siku ya kwanza. Kwa mvua zetu za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, utafunga njia siku nyingi kama maji hayana pa kwenda.

Hesabu ya maramu: 920 × 18 × unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa ni mita za ujazo 2,484. Maramu iliyolegea kwenye lori ina ujazo zaidi kwa asilimia 30 hivi, kwa hiyo agiza 3,230. Kwa tipa la mita za ujazo 10 ni safari 323. Uliza bei ya safari moja kutoka machimbo yaliyo karibu, uzidishe mwenyewe.

Kabla ya maramu, kwangua udongo mweusi wa juu wote wenye mizizi. Ukimwaga maramu juu yake, mizizi inaoza, uso unadidimia vipande vipande, na gurudumu la mbele la ndege ndogo halivumilii shimo la sentimita 8. Chimbua vichuguu hadi chumba cha malkia, jaza na ushindilie kwa tabaka. Kusawazisha juu tu ni kujichimbia: mchwa wanarudi, au handaki linabomoka tairi likipita.

Mwaga, nyunyiza maji, shindilia kwa rola hadi asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopimwa maabara. Maramu kavu haishiki, na yenye maji mengi inatikisika chini ya rola. Chukua kiganja, finyanga: ikishika umbo bila kuacha maji mkononi iko tayari. Katikati iwe juu, ianguke asilimia 2 kila upande, usizidishe hapo. Mteremko wa urefu kwa daraja hili nao usizidi asilimia 2.

Mitaro ya wazi iwe nje ya ukanda, mita 30 kutoka mstari wa kati. Mtaro ulio mita 10 kutoka njia ndio unaovunja mguu wa ndege iliyoteleza, wakati ukanda uliosawazishwa ungeipokea ikasimama yenyewe.

Kwa nyasi za pembeni panda pasipalamu, zifyekwe ziwe fupi. Ukitaka kujua kama uso umekauka baada ya mvua, pitisha pikapu yenye mzigo urefu wote. Alama ya tairi ikizama sentimita 2 au 3, subiri.

Alama za kingo: mawe yaliyopakwa chokaa yalale sawa na ardhi. Zege lililochomoza sentimita 20 linakata tairi. Soksi ya upepo iwe na urefu wa mita 3.6 angalau na mdomo wa sentimita 90, mbali na hanga na miti, maana upepo unaopinda nyuma ya paa unaidanganya.

Fundi Propela

Kokoto amegusa changarawe, mimi namalizia.

Propela inanyonya. Ukifungua gesi yote ndege ikiwa imesimama juu ya kokoto zilizolegea, zinapanda na kugonga ukingo wa mbele wa bapa. Kovu la kina kidogo lenye kona kali linakuwa mwanzo wa ufa, na ufa karibu na ncha unarusha kipande. Propela ikishapoteza uwiano, injini inaweza kung'oka kwenye viunga vyake. Kila asubuhi pitisha ukucha ukingo mzima. Ukucha ukikwama, fundi mwenye leseni alilainishe kwa faili kufuata urefu wa bapa, hadi kovu liwe bonde pana lisilo na kona, akizingatia kipimo cha kitabu cha propela. Usipige nyundo wala kujaza gundi. Na unapoanza kuruka kwenye maramu, iachie ndege isogee kwanza, gesi ifuate taratibu. Hilo nalo lina gharama ya mita, liweke kwenye hesabu ya Nyasi Fupi.

Mafuta. Injini za pistoni zinatumia avgas 100LL, ya bluu. Caravan na nyingine za tabini zinatumia Jet A-1, isiyo na rangi au ya manjano hafifu. Jet A-1 ikiingia kwenye injini ya pistoni inaweza kuwaka vizuri wakati wa kutembea ardhini, kwa sababu bomba bado lina avgas, halafu inagonga na kufa baada ya kuruka. Kiwanja chenye ndege za aina zote mbili kiwe na pampu mbili zilizotengana, maandishi makubwa, na mdomo wa bomba la Jet uwe ule mpana bapa usioingia kwenye tundu la tangi la avgas. Usiruhusu mtu kuubadilisha kwa sababu "hauingii".

Avgas ikija kwa mapipa ya lita 200, yalaze ubavu, vifuniko viwili vikiwa usawa wa saa tatu na saa tisa ili mafuta yavifunike kwa ndani na visivute unyevu. Pipa lililosimama linakusanya mvua juu, na usiku hewa ya ndani inapopoa linavuta maji kupitia uzi wa kifuniko. Kabla ya kutumia, lisimamishe likitulia, liinamishe kidogo, na bomba la kunyonyea lisifike chini kabisa. Pima kwa vidonge vya kugundua maji, pitisha kwenye chujio, na waya wa ardhi uunganishwe kati ya pipa, pampu na ndege kabla ya kufungua kifuniko chochote. Baada ya kujaza, subiri kidogo kisha toa mafuta ya chini kwenye kila tundu la kupimia. Maji hukaa chini kama mpira mdogo unaoteleza. Glasi yote ikiwa haina rangi, inusie na uiangalie juu ya karatasi nyeupe: inawezekana umejaza maji matupu au Jet.

100LL ina madini ya risasi yenye sumu, hadi gramu 0.56 kwa lita. Kwa hiyo eneo la kupasha injini lisiwe jirani na uzio wa shule. Lipange kwenye mchoro tangu mwanzo, maana shule ikishalalamika hamtasikilizwa.

Mama Lutembe

Ndege wenye manyoya hamjawagusa kabisa, na kwa Kampala ni jambo kubwa.

Kaloli, yule korongo mkubwa mla taka, mmoja anaweza kufika kilo 8 au 9. Anapanda kwa hewa ya joto kuanzia saa nne asubuhi hivi, anazunguka bila kupiga bawa, kwa kimo kilekile ambacho ndege ndogo inazunguka kiwanja. Kinachomleta ni takataka na machinjio. ICAO inashauri jaa la taka lisiwekwe ndani ya kilomita 13 kutoka kiwanja. Baada ya lile jaa la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, Mungu awarehemu, mji unatafuta pa kupeleka taka. Kila anayesimamia kiwanja awe mezani pale sehemu mpya zinapojadiliwa, kwa sababu jaa likishaanza kaloli hawaondoki.

Upande wa ziwa, ghuba ya Lutembe ni eneo la Ramsar tangu 2006, na ndege wahamiaji wanaotoka Ulaya na Asia hujaa pale kwa maelfu katika miezi ya baridi ya kwao. Hapo hakuna kufukuza. Njia za kupanda na kushuka zipangwe zisipite chini juu ya ghuba, na mafunzo ya kutua na kuruka tena yapunguzwe alfajiri na jioni wanapohama kutoka malalo.

Pale kiwanjani: funika mapipa ya taka, usiache maji yaliyotuama, kata miti ya kulalia mapema kabla hawajajenga viota, na usifyeke nyasi saa ambazo ndege zinaruka. Mashine inafukua panzi, na yangeyange wanafuata nyuma yake.

Wakili wa Kibanja

Nimesoma hesabu za ekari 174 na nataka kuzifunga kwenye sheria ya ardhi yetu, maana hapo ndipo fedha zinapopotea.

Eneo hili kwa sehemu kubwa ni la mailo, ule umiliki wa ardhi wa Buganda. Mwenye hati na mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima, ni watu wawili, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mkaaji halali. Ukinunua hati peke yake umenunua ardhi yenye watu, na hupitishi greda hadi ukubaliane na kila mmoja wao. Kwa ile miteremko ya kuingilia, andika mkataba wa kutozidisha kimo na kila mwenye hati, usajiliwe kwenye hati yenyewe, ili mnunuzi wa kesho aukute. Makubaliano ya mdomo na mzee wa kijiji yanakwisha siku warithi wanapogawana. Mwenye kibanja naye asaini, kwa sababu ndiye anayepanda mikalitusi, na mkalitusi ukiachwa miaka michache unapita mita 15.

Vibali ni mlolongo: UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa kiwanja na kwa vimo vya majengo jirani, tathmini ya mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya 2019, na kamati ya mipango ya wilaya. La muhimu ni ramani ya vimo ifike kwa kamati ya mipango, wala isibaki kwenye kabati la kiwanja. Wao ndio wanaopokea michoro ya nyumba.

Nako kumiliki ardhi si kinga yote. Meigs Field ya Chicago ilikuwa ukingoni mwa ziwa, jirani kabisa na katikati ya mji, kikiendeshwa na mji wenyewe. Usiku wa 30 Machi 2003 meya Richard M. Daley alituma matingatinga yakachimba alama kubwa za X katikati ya njia, ndege zikiwa zimeegeshwa. Faini iliyotozwa mji ilikuwa dola 33,000. Santa Monica, California, nako mji ulifupisha njia mwaka 2017 kutoka futi 4,973 hadi 3,500, na una makubaliano ya kuruhusiwa kufunga baada ya 31 Desemba 2028. Wilson yenyewe imebaki na pumzi upande wa kusini kwa sababu kuna mbuga ya taifa ya Nairobi. Upande wa mji, mvutano na maghorofa haujaisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa Kilima Saba: kabla ya kutafuta kiwanja cha pili, ile anga ya Kajjansi ilindwe sasa, wakati sehemu ya majirani bado ni bustani na nyumba za chini. Barabara ya kasi ya Entebbe ilipofunguliwa 2018 bei ya ardhi pale ilianza kubadilika, na bei ikipanda majengo yanapanda.

Kilima Saba

Nimeshiba. Moja la mwisho: nyaya za umeme zilizokwisha kupita ndani ya mteremko, kuna dawa?

Nakato wa Mipango

Ipo. Andika barua kwa UEDCL, wasambazaji wa umeme, ukiambatisha ramani ya mpimaji yenye kimo cha kila nguzo na umbali wake kutoka ncha. Omba moja kati ya mawili: kuhamisha laini nje ya mteremko, au kuifukia kwa kebo kwa kipande kinachokatiza tu, ambacho mwanzoni mwa mteremko ni mita 60 hadi 120 za upana. Gharama utabeba wewe. Wakati unasubiri, ncha ya kutua isogezwe ndani. Nguzo ya mita 12 iliyo mita 150 kutoka ncha inahitaji 270, kwa hiyo sogeza ncha mita 120 na uichore upya kwa rangi. Mita hizo zinabaki kwa kuanzia mbio za kuruka ukielekea upande wa pili, ila kwa kutua zihesabu kuwa hazipo. Halafu weka mipira ya rangi ya chungwa kwenye waya wa juu kabisa, maana rubani huziona nguzo, waya haonekani hadi ufike.

Nyasi Fupi

Na ukishasogeza ncha, tangaza kwa wote wanaotumia kiwanja kabla ya ndege ya kwanza ya asubuhi, na ubadilishe karatasi ya mita iliyobandikwa kwenye chumba cha marubani. Kwa kutua zidisha 1.43 badala ya 1.33, na uitumie kwenye mita 800 zilizobaki.